Herufi Moja na Saa Mia Tatu na Kumi

Barua ya kwanza ilinikuta umeme umekatika.
Niliisoma kwa tochi ya simu, ileile
niliyoing'ata kwa meno usiku wa mapacha wa Mama Cibalonza.
Mstari wa tatu: tunasikitika.
Mstari wa saba: saa mia tatu na kumi za mazoezi
hazikuthibitishwa.
Mstari wa tisa: jina la kwenye diploma
si jina la kwenye pasipoti.

Ni kweli. Diploma inasema Nankafu M'Birindwa.
Pasipoti inasema Nankafu Birindwa.
Karani aliimeza ile M pamoja na mate yake,
nami sikusoma, nilikuwa naangalia foleni.
Mnauliza, waheshimiwa wa Bruseli, herufi hiyo ni kitu gani.
Ni baba yangu.
Ni neno zima linalosema nina mtu aliyenizaa,
sikuokotwa kwenye Ruzizi kama gogo.

Kaka yangu Mushagalusa akasema, waliokataa wamekataa,
uza vitenge.
Sikumjibu. Nilikuwa napiga pasi koti la zamu.

Pale Nyawera, kwa mthibitishaji wa hati,
nililipa dola kumi na tano
kwa karatasi inayosema kwamba mimi ni mimi.
Nakala ya pili, dola tano.
Nikachukua mbili. Huwezi kujua.

Kisha saa.
Shule haina daftari la mazoezi, lilioshwa na mvua
mwaka ule paa lilipoondoka.
Nikapanda Kadutu, ngazi za udongo, viatu mkononi,
hadi kwa Masera Apolina aliyekuwa mkuu wa wodi ya wazazi.
Jicho moja limezimika. La pili anasema linafanya zamu mbili.
Akavuta sanduku chini ya kitanda:
madaftari ya shule, yenye meza ya kuzidisha nyuma.

Lakini Masera hakuandika saa. Aliandika watoto.
"Mvulana, kilo tatu, alikuja na miguu, Nankafu alikuwepo."
"Msichana, mama ametoka Kabare kwa mguu, Nankafu alikuwepo."
Basi tukaanza kugeuza watoto kuwa saa,
yeye akikumbuka, mimi nikijumlisha:
yule wa miguu, kumi na moja;
yule wa Kabare, nne, alikuwa na haraka ya dunia;
na yule ambaye hakulia,
dakika arobaini nikimpulizia pumzi yangu
mpaka Masera akanishika bega.
Je, dakika hizo huhesabiwa kama nyingine?

Jioni hesabu ikafika mia tatu na nne.
Zilikosekana sita.

"Ule usiku wa risasi," Masera akasema,
"tulipolala sakafuni na wazazi, taa zimezimwa.
Sikuandika kitu. Ziandike, nitatia sahihi.
Mungu alikuwepo, ila yeye hana muhuri."
Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nje watu walikuwa wanashusha
madumu ya maji, wanacheka.
Niliandika mia tatu na nne.
Chini yake, kwa mwandiko mdogo:
sita nyingine zilikuwepo, gizani, hazina daftari.

Masera alinuna. Halafu akagonga muhuri,
kwa nguvu, kama anayeua mende.

Nimetuma tena. Ada haijapungua kwa sababu ulikataliwa.
Labda watajibu kabla ya mvua za Septemba,
labda watauliza sasa Masera ni nani,
na nani anathibitisha jicho lake.

Leo usiku niko zamu na Mapendo, mwanafunzi wa mazoezi.
Mzazi ametulia, njia bado, tumekaa tu
tunasikiliza jenereta la jirani likikohoa.
Nimempa daftari jipya, nikamchorea safu ya pili:
saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Ameniuliza, na hizi za kusubiri tu, nazo niandike?
Hizo hasa, nikamwambia.
Anza nazo.